Mtuhumiwa wa Uingereza analindwa na nini asishikiliwe kinyume cha sheria kabla ya kesi?

MsomiWaPasua (Moshi)

Wanajukwaa, habari za jioni. Mimi ni mwanafunzi wa sheria hapa Moshi, na katika semina ya wiki ijayo nimepangiwa kuwasilisha mada juu ya namna sheria ya jinai ya Uingereza inavyomlinda mtuhumiwa asiwekwe mahabusu isivyo halali kabla kesi yake haijasikilizwa. Sehemu kubwa ya rasimu yangu inahusu habeas corpus, yaani amri ya mahakama inayomtaka anayemshikilia mtu aeleze uhalali wa kumshikilia; nimeanza na Magna Carta, ile hati ya kale ya haki ya mwaka 1215, nikafuata na sheria ya habeas corpus ya mwaka 1679, kwa kuwa vitabu vingi nilivyovisoma vinaitaja amri hiyo kama ngome ya uhuru wa Mwingereza. Mwalimu wangu alipoipitia aliandika pembeni: “Hii ni historia. Mtu aliyekamatwa jana usiku Birmingham analindwa na nini?”

Naomba wenye uzoefu mnisaidie kulijibu swali hilo. Ningependa pia kujua kinachotokea polisi wa huko wanapokiuka masharti, maana ulinzi usio na matokeo yoyote ukivunjwa sioni una thamani gani. Kama kuna la kujifunza kwa sheria yetu, ambayo kwa sehemu kubwa ina mizizi huko, nitashukuru likitajwa.

Wakili_Sekei (Arusha)

Mdogo wangu, mwalimu wako hakukuonea. Habeas corpus haijafa: mtu anayeshikiliwa Uingereza bado anaweza, yeye mwenyewe au kupitia mwingine, kuiomba Mahakama Kuu imtake anayemshikilia aeleze ana mamlaka gani, na jukumu la kuthibitisha uhalali humwangukia anayeshikilia. Udhaifu wake ni kwamba huja wakati maji yamekwisha kumwagika, na huhitaji mtu wa nje anayejua ndugu yake yuko kituo gani, mwenye wakili na jaji wa kumsikiliza. Polisi nao wakisikia kwamba maombi yako njiani, humfikisha mtu mahakamani au humwachia, na maombi yanabaki hayana cha kuamuliwa. Mawakili wa huku tunaufahamu mchezo huo.

Kinachomlinda mtu wako wa Birmingham ni Sheria ya Polisi na Ushahidi wa Jinai ya mwaka 1984, ambayo kila mtu huko huiita PACE. Ningekushauri uieleze asili yake kwa kirefu kuliko Magna Carta. Mwaka 1972 mtu aitwaye Maxwell Confait aliuawa kusini mwa London, na vijana watatu, wawili wao wakiwa watoto kwa umri na wa tatu akiwa na miaka 18 lakini mwenye ulemavu wa akili, walihojiwa bila mtu mzima wa upande wao kuwapo, wakakiri, wakatiwa hatiani. Mwaka 1975 Mahakama ya Rufani ilizifuta hukumu hizo, na uchunguzi rasmi uliotoa taarifa yake mwaka 1977 ulionyesha jinsi kanuni za mahojiano zilivyopuuzwa. Kanuni hizo zilikuwa za majaji na hazikuwa na nguvu ya sheria. Na kuhusu makosa mazito, sheria ya wakati ule ilisema tu kwamba mtu afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, neno ambalo kila mpelelezi alilivuta alikotaka. Tume ya Kifalme ikaundwa, ikatoa ripoti mwaka 1981, na PACE ikazaliwa humo.

Ubunifu mkubwa wa sheria ile ulikuwa kumtenganisha anayepeleleza na anayeshikilia. Mtu aliyekamatwa hapelekwi kwa mpelelezi bali kwa afisa wa mahabusu, ambaye lazima awe na cheo cha sajenti au zaidi na asiwe na mkono wowote katika upelelezi wa shauri hilo. Afisa huyu huuliza kwanza kama ushahidi uliopo unatosha kumfungulia mtu mashtaka. Kama hautoshi, lazima amwachie, isipokuwa awe na sababu za msingi za kuamini kwamba ni lazima mtu huyo abaki ili kulinda au kupata ushahidi, au kuupata kwa kumhoji. Kwamba jambo hilo lingewarahisishia wapelelezi kazi si sababu; sheria inadai liwe la lazima. Na kipo kifungu ambacho wanafunzi wengi hukiruka: afisa wa cheo cha juu anayehusika na upelelezi akitoa maelekezo yanayopingana na uamuzi wa yule sajenti, suala hupelekwa mara moja kwa mrakibu anayesimamia kituo. Sajenti hatakiwi kunyamaza na kupiga saluti.

Kisha zipo saa, na hapo uwe mwangalifu kwa sababu zipo za aina mbili na hazianzi pamoja. Ya kwanza ni ya ukomo, nayo kwa kawaida huanza mtu anapofika kituoni. Ukomo wa kawaida ni saa 24. Mrakibu anaweza kuongeza hadi kufikia saa 36, kwa makosa mazito tu na kwa masharti kwamba upelelezi unaendeshwa kwa bidii na bila kuzembea. Zaidi ya hapo polisi hawana mamlaka. Lazima waende kwa mahakimu, mtuhumiwa akiwapo mwenyewe, amepewa nakala ya maombi, na ana haki ya kuwakilishwa. Hata mahakimu hawawezi kuvuka jumla ya saa 96. Saa ya pili ni ya mapitio, nayo huanza pale afisa wa mahabusu anaporuhusu mtu ashikiliwe: ndani ya saa sita mkaguzi wa polisi asiyehusika na upelelezi lazima alipitie upya suala zima, kisha kila baada ya muda usiozidi saa tisa.

MstaafuWaRau (Moshi)

Wakili ameeleza vizuri, nami sitabishana naye juu ya vifungu. Nilivaa magwanda hadi nilipostaafu, kwa hiyo acheni niongeze lililo nje ya vitabu.

Afisa wa mahabusu ni askari. Anakula chakula chumba kimoja na wapelelezi, na kesho anaweza kuhamishiwa kwao. Watafiti wa huko Uingereza wamesema tangu miaka ya mwanzo ya sheria hiyo kwamba ni nadra sana afisa huyo kukataa kumpokea mtu aliyeletwa. Mwanangu Msomi, ukisimama mbele ya wenzako ukawaambia kwamba sajenti huyo ni kama hakimu mdogo, aliyesoma atakukamata hapo.

Mimi naona nguvu yake iko katika kumbukumbu ya mahabusu. Kila uamuzi una saa yake, una sababu yake, na una jina la mtu. Amekataliwa kumpigia mkewe? Nani alikataa, saa ngapi, kwa sababu ipi? Wakili akifika ana haki ya kuiona kumbukumbu hiyo, na mtu akishatoka anaweza kupewa nakala. Mkubwa anayeamuru kwa mdomo “huyu akae kwanza” na mkubwa anayejua kwamba jina lake litaandikwa chini ya maneno hayo ni watu wawili tofauti, hata wakiwa ndani ya shati moja. Nimewafahamu wote wawili.

Kuna na jambo la vituo vidogo. Katika kituo cha pembeni huko mlimani, usiku kuna askari wawili, na mmoja yuko doria. Nani atakuwa mpelelezi na nani atakuwa afisa wa mahabusu? Waingereza walilikabili hilo kwa kuteua vituo maalumu vyenye watu na vyumba vya kutosha. Mtu akipelekwa kwanza kwenye kituo kisichoteuliwa, kama hajaachiwa lazima ahamishiwe kituo kilichoteuliwa ndani ya saa sita. Anayetaka kuiga sheria ile hapa kwetu aanze kwa kuhesabu askari na magari.

BintiMachame

Shikamoo Mzee Mstaafu, na salamu kwa wengine. Niliishi Uingereza na nikafanya kazi ya ukalimani wa Kiswahili katika vituo vya polisi, kwa hiyo nimesimama mara nyingi mbele ya ile kaunta anayoizungumzia Wakili.

Jambo la kwanza analofanya sajenti ni kumwambia mtu kwa nini amekamatwa. Hilo ni la zamani kuliko PACE, kwa kuwa Mabwana wa Sheria, yaani majaji wa mahakama ya juu kabisa ya wakati ule, waliamua katika shauri la Christie dhidi ya Leachinsky, mwaka 1947, kwamba kumkamata mtu bila kumwambia sababu ya kweli ni kumkamata isivyo halali. Baada ya hapo humweleza haki tatu: kumjulisha mtu mmoja kwamba yuko pale, kupata wakili bila malipo, na kusoma kanuni zinazowaongoza polisi. Asiyejua Kiingereza haelezwi kwa ishara; ndiyo maana niliitwa hata usiku wa manane. Mtoto wa chini ya miaka 18, au mtu aliye katika mazingira magumu kiakili, lazima awe na mtu mzima wa kumsimamia ambaye si polisi, na sharti hilo ni matunda ya moja kwa moja ya kisa cha wale vijana wa mwaka 1972. Yapo pia mambo ambayo wanasheria huyaona madogo: kupumzika saa nane mfululizo katika kila saa 24, milo mitatu kwa siku, seli kukaguliwa angalau kila saa moja, na kila nusu saa kwa aliyelewa, tena akiamshwa ili ajibu.

Haki ya kuonana na wakili inaweza kucheleweshwa katika mashauri mazito, lakini lazima mrakibu aidhinishe kwa sababu zilizotajwa katika sheria, na haiwezi kuvuka saa 36. Hofu kwamba wakili atamshauri mteja wake anyamaze si sababu inayokubalika.

Kasoro niliyoiona ni katika mapitio. Sheria inamtaka mkaguzi ampe mtuhumiwa au wakili wake nafasi ya kusema neno kabla ya kuamua, isipokuwa kama mtuhumiwa amelala. Sasa, mapitio mengi huangukia usiku. Mtu anaamka asubuhi na kuambiwa kwamba suala lake lilijadiliwa akiwa usingizini na ikaamuliwa aendelee kubaki. Mapitio mengine huruhusiwa kufanywa kwa simu. Kwenye karatasi kila kitu kimekamilika.

Msomi, taja pia wageni huru wa mahabusu. Hao ni raia wa kawaida wanaojitolea, na wanaingia kituoni bila taarifa, wanazungumza na walio ndani na kuangalia seli. Utaratibu huo ulipendekezwa baada ya ghasia za Brixton, London, za mwaka 1981 na tangu mwaka 2002 ni takwa la sheria.

MsomiWaPasua (Moshi)

Nawashukuru sana, na Mzee shikamoo. Sasa nabaki na lile swali langu la matokeo. Tuseme mkaguzi amechelewa kufanya mapitio kwa saa mbili, lakini kila mtu anakubali kwamba angeyafanya kwa wakati mtuhumiwa angebaki tu. Je, kuna ubaya wowote uliotendeka?

Wakili_Sekei (Arusha)

Umeliuliza swali ambalo mahakama ilikwisha kuliamua. Katika shauri la Roberts dhidi ya Mkuu wa Polisi wa Cheshire, lililoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1999, ruhusa ya kumshikilia mtu ilitolewa saa 5:25 usiku. Mapitio yalipaswa kufanyika kabla ya saa 11:25 alfajiri, yakafanyika saa 1:45 asubuhi. Polisi walitoa hoja hiyohiyo yako. Mahakama ikasema kwamba sheria imeweka masharti, na mtu aliyebaki ndani bila masharti hayo kutimizwa amefungwa isivyo halali kwa saa mbili na dakika 20 zile, hata kama yeye mwenyewe hakuhisi tofauti yoyote. Fidia ilikuwa paundi 500. Katika madai ya namna hii mdai hahitaji kuthibitisha nia mbaya. Akionyesha kwamba alifungiwa, aliyemfungia ndiye anayepaswa kuonyesha kibali cha sheria. Na tangu sheria ya Haki za Binadamu ya mwaka 1998, kifungu cha 5 cha Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu, kinacholinda uhuru wa mtu, kinaweza kudaiwa moja kwa moja katika mahakama za nyumbani, pamoja na haki ya fidia.

Matokeo mengine ni ya ushahidi. Maungamo yaliyopatikana kwa ukandamizaji, au katika hali inayoweza kuyafanya yasiaminike, lazima yakataliwe. Na jaji ana hiari ya kukataa ushahidi wowote wa upande wa mashtaka ambao kupokelewa kwake kungeharibu usawa wa kesi. Mpelelezi huogopa hilo kuliko paundi 500, kwa sababu kesi nzima inaweza kuporomoka.

Ngaramtoni_LLM

Kwa heshima kwa Wakili msomi, Roberts isomwe pamoja na Lumba, uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Uingereza wa mwaka 2011. Shauri lile lilihusu wageni walioshikiliwa wakisubiri kurudishwa makwao, si watuhumiwa wa jinai, lakini kanuni yake imefuatwa katika mashauri ya polisi pia. Majaji walio wengi walithibitisha kwamba hoja ya “angeshikiliwa tu” haiwezi kuhalalisha kifungo kisicho halali. Hata hivyo walisema kwamba kama kweli angeshikiliwa tu kwa njia halali, hakupata hasara, na fidia yake ni ya jina tu. Wadai wakapewa paundi moja moja. Kwa hiyo jibu la swali la Msomi leo ni kwamba ndiyo, kosa limetendeka, na ndiyo, linaweza kuwa na bei ya paundi moja. Mimi naona uamuzi huo umeunyima ulinzi meno yake, kwa kuwa taasisi haiogopi kushindwa kesi inayogharimu bei ya soda mbili.

Wakili_Sekei (Arusha)

Hilo la Lumba ni sahihi, ingawa tamko la mahakama kwamba polisi walivunja sheria lina uzito wake hata bila fedha, na paundi moja haiji peke yake. Gharama za mawakili huweza kuandamana nayo. Tuliache hapo, maana Msomi anahitaji sehemu ya pili ya safari, yaani baada ya mashtaka kufunguliwa.

Mtu akishashtakiwa na asipewe dhamana na polisi, lazima afikishwe mbele ya mahakimu mapema, kwa kawaida siku hiyo au siku inayofuata. Hapo inatawala Sheria ya Dhamana ya mwaka 1976, inayoanza na dhana kwamba mshtakiwa anastahili dhamana. Upande wa mashtaka ndio unaopaswa kuonyesha sababu nzito za kuamini kwamba atatoroka, atatenda kosa jingine, au ataingilia mashahidi. Mahakama ikikataa, lazima itoe sababu na ziandikwe. Wenzetu wa huku wanaozoea kuona familia ikihangaika na wadhamini wawili, barua ya serikali ya mtaa na hati ya nyumba watashangaa kusikia kwamba wengi huko huachiwa kwa ahadi ya kurudi na masharti ya makazi au ya kutotoka usiku, bila mali yoyote kuwekwa rehani.

Wanaonyimwa dhamana wanalindwa na saa nyingine: kwa kawaida siku 56 kabla ya kesi kuanza katika mahakama ya mahakimu, na siku 182 kwa kesi zilizopelekwa Crown Court, mahakama ya juu inayosikiliza makosa mazito. Ili muda uongezwe, mwendesha mashtaka lazima aombe kabla haujaisha, aonyeshe sababu njema na ya kutosha, na athibitishe kwamba upande wake umefanya kazi kwa bidii yote. Akichelewa, mshtakiwa anapata haki ya dhamana, ingawa kesi inaendelea. Wakati wa janga la korona, mwaka 2020, serikali iliurefusha muda huo wa Crown Court kuwa siku 238, kisha mwaka 2021 ikaurudisha.

Halafu liko jambo ambalo kwa msomaji wa Tanzania ni kiini cha yote. Mwaka 1994 Bunge la Uingereza lilipitisha kifungu kilichozuia kabisa dhamana kwa mtu anayeshtakiwa kwa mauaji, kuua bila kukusudia au ubakaji, ikiwa aliwahi kutiwa hatiani kwa kosa la aina hiyo. Mtu aitwaye Caballero akalipeleka suala hilo Strasbourg, kwenye Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Sheria ikarekebishwa mwaka 1998 ili mahakama iweze kutoa dhamana kukiwa na hali ya kipekee, na mwaka 2000 Mahakama ya Ulaya, serikali yenyewe ikiwa imekubali kosa, ikaamua kwamba zuio lile lilikiuka haki yake, kwa kuwa lilimwondolea hakimu uwezo wa kupima shauri lililo mbele yake. Hata mshtakiwa wa mauaji huko leo anaweza kuomba dhamana, ingawa ni jaji wa Crown Court tu anayeweza kuitoa na kizingiti ni cha juu. Sisi tuna orodha ya makosa yasiyo na dhamana, na mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitengua uamuzi wa Mahakama Kuu uliokuwa umesema orodha hiyo inapingana na Katiba. Weka mambo hayo mawili ubavuni mwa mengine, uwaache wanasemina wabishane.

MstaafuWaRau (Moshi)

Msomi atambue pia kwamba saa hazikosekani kwetu. Sheria yetu ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai ya mwaka 1985 inataka aliyekamatwa bila hati afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na muda wa msingi wa kumhoji ni saa nne, unaoweza kuongezwa kwa muda usiozidi saa nane. Zaidi ya hapo lazima kwenda kwa hakimu. Ukizilinganisha saa nne na saa 24, sisi ndio wakali. Tofauti iko katika nani anayeiangalia hiyo saa wakati mpelelezi anahoji.

BintiMachame

Neno moja la tahadhari. Usizitumie saa 96 kwa watuhumiwa wa ugaidi, maana wao wako chini ya sheria ya mwaka 2000 na wanaweza kushikiliwa hadi siku 14 bila mashtaka, ikihitajika idhini ya mahakama baada ya saa 48 za mwanzo. Muda huo ulipanda na kushuka kwa kura. Novemba 2005 serikali iliomba siku 90, Bunge likakataa kwa kura 322 dhidi ya 291 na kukubali siku 28. Mwaka 2008 serikali ikaomba 42. Baraza la Malodi, yaani baraza la juu la Bunge, likakataa kwa kura 309 dhidi ya 118. Siku 28 zenyewe ziliachwa kuisha mwaka 2011, na muda ukarudi siku 14.